Kijiji Kabla ya Kambi: Mugunga na Vijiji vya Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Kivu

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili anapotajiwa kijiji cha kale cha mwambao, fikra zake huelekea Kilwa Kisiwani, Gedi, Takwa au Kaole. Huko historia imesimama kwa mawe ya matumbawe. Mgeni huonyeshwa msikiti uliobomoka paa, kaburi lenye nguzo, kisima na ukuta wa mji, naye huondoka akiwa na hakika kwamba amekanyaga mahali pa kale. Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Kivu, katika jimbo la Kivu Kaskazini la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hauna vitu hivyo. Mtu atokaye mjini Goma kuelekea magharibi kwa barabara ya Sake hupita Keshero, Ndosho, Mugunga na Mubambiro bila kuona jengo ambalo mwongoza watalii angelisimamia na kulieleza. Anachokiona ni ziwa upande wa kushoto, volkano za Nyiragongo na Nyamulagira upande wa kulia, na kati yake nyumba za mbao zilizojengwa juu ya mwamba mweusi wa lava.

Uzuri wa mandhari hayo haukanushiki. Hata hivyo, uzuri huo umekuwa pazia lililoficha historia ya watu. Katika karne ya 20 Mugunga na vijiji jirani vilipewa sura mbili na wageni. Sura ya kwanza ni ile ya mandhari: ziwa, milima na hewa safi, mahali pa kupumzikia. Sura ya pili ilienea duniani kuanzia Julai 1994, nayo ni ile ya kambi. Tangu wakati huo jina la Mugunga limeandikwa mara nyingi sana katika taarifa za mashirika ya misaada na magazeti, na karibu kila mara limefuatana na neno "kambi".

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Mugunga ni kijiji kilichozitangulia sura hizo mbili. Yanadai vilevile kwamba kumbukumbu za kijiji hicho na majirani zake zimehifadhiwa katika hazina tatu ambazo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuzisoma, nazo ni ardhi yenyewe, kazi za watu, na maneno wanayoyatumia. Suala hili lina uzito, kwani eneo linalojulikana kwa jina la kambi tu huonekana kuwa halina wenyewe. Kambi hufunguliwa na kufungwa kwa amri, lakini kijiji kina wazee, mipaka na makaburi.

2.0 Mwambao Usio na Bamvua

Inafaa kuanza na neno "mwambao" lenyewe. Wasemaji wa Kiswahili cha bahari wana neno "pwani", ambalo linahusiana na kupwa kwa maji. Ziwa Kivu halipwi wala halijai kwa kiasi ambacho mvuvi angekiona. Kwa hiyo mtu wa Goma husema "kando ya ziwa", na maji yenyewe huyaita "mayi". Katika makala haya neno "mwambao" limetumika kwa maana pana ya ukanda wa nchi unaopakana na maji.

Ziwa hili liko katika kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinakaribia mita 480 mahali palipo na kina kirefu zaidi. Wataalamu wa miamba wameeleza kwamba zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Milipuko ya volkano za Virunga ilijenga boma la lava na kuifunga njia hiyo. Maji yakapanda, yakatafuta njia ya kusini, na leo hutoka kwa Mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika. Kwa hakika, basi, ufuko wa Mugunga ulitengenezwa na moto kabla ya kuoshwa na maji.

Alama za asili hiyo zinaonekana kwa macho. Karibu na Mugunga kuna Ziwa Kijani, linalojulikana zaidi kwa jina la Kifaransa la Lac Vert. Hilo ni kasoko, yaani shimo la volkano ya zamani, lililojaa maji ya rangi ya kijani na kutenganishwa na Ziwa Kivu kwa ukingo mwembamba. Ndani ya Ziwa Kivu kwenyewe kuna kisiwa cha Tchegera chenye umbo la mwezi mchanga, ambacho nacho ni mdomo wa kasoko uliochomoza majini. Mbele zaidi, kuelekea Sake, kuna Rumoka, volkano ndogo iliyozuka mwishoni mwa mwaka 1912 karibu na ufuko. Baadaye, mwaka 1938, Nyamulagira ililipuka na kuendelea kumwaga lava kwa zaidi ya miaka miwili. Lava hiyo ilifika ziwani upande wa Sake na kuibana Ghuba ya Kabuno, hata ikabaki na mlango mwembamba tu wa kuunganika na ziwa kubwa. Anayesafiri kati ya Mubambiro na Sake hulivuka tandiko hilo la mawe. Lava changa bado ni nyeusi na kali, na mimea yake ni michache. Lava ya kale imegeuka udongo unaolimwa.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la majengo. Mahali ambapo ardhi yenyewe hubadilika katika umri wa mtu mmoja, watu hawakuwa na sababu ya kujenga kwa ajili ya milele. Nyumba za zamani zilikuwa za miti, matete na majani, na za leo nyingi ni za mbao na mabati. Nyumba ya mbao huweza kubomolewa, kuhamishwa na kusimamishwa upya. Kilichojengwa kwa mawe ni kuta za mipaka ya viwanja na mashamba, ambazo hupangwa kwa vipande vya lava bila saruji. Kuta hizo hazijaandikwa katika orodha yoyote ya magofu mashuhuri, lakini humweleza mpita njia nani alifyeka wapi na shamba la nani linaishia wapi.

Milima nayo ilikuwa na nafasi katika imani. Katika mapokeo ya ibada ya kubandwa, iliyoenea katika nchi zinazozizunguka volkano hizi, roho za waliofuzu ibada hiyo hukaa pamoja na Ryangombe katika mlima wenye baridi, ambao mara nyingi hutajwa kuwa Karisimbi, na wengine huungua katika moto wa Nyiragongo. Kwa mtu aliyekulia chini ya moshi huo, mlima ulikuwa sehemu ya hesabu ya maisha na kifo, na jina lake halikutamkwa ovyo.

3.0 Wageni, Mipaka na Kuingia kwa Kiswahili

Mzungu wa kwanza kuandika habari za sehemu hii ya ziwa ni Mjerumani Gustav Adolf von Götzen. Msafara wake uliondoka Pangani Desemba 1893, ukapita Rwanda, na Juni 1894 ukafika kwenye Nyiragongo na Ziwa Kivu. Kutoka hapo uliendelea magharibi hadi Mto Kongo na hatimaye Bahari ya Atlantiki. Wasomaji wa Tanzania watamkumbuka Götzen kwa sababu nyingine: yeye ndiye aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905. Kwa upande wa historia ya lugha, jambo la kuzingatiwa ni kwamba safari hiyo ilianzia katika mji wa Waswahili na ilitegemea wapagazi wa misafara ya pwani. Kwa hiyo, hata kabla utawala wa kikoloni haujasimama Goma, sauti ya Kiswahili ilikwisha kusikika chini ya volkano.

Baada ya hapo ziwa liligeuka mpaka. Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza ziligombea nchi ya Kivu hadi zilipofikia mapatano mjini Brussels mwaka 1910. Kisiwa cha Idjwi kikawa cha Ubelgiji. Kisenyi ikabaki upande wa Wajerumani na Goma upande wa Wabelgiji, ilhali vituo hivyo viwili viko karibu kiasi kwamba mtu huweza kutembea kwa miguu kutoka kimoja hadi kingine. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani walikiteka Idjwi Septemba 1914, na mapambano ya mpakani yaliendelea mpaka Wabelgiji walipoingia Rwanda mwaka 1916. Wanavijiji wa mwambao walitakiwa kutoa chakula na wapagazi kwa vita ambavyo havikuwa vyao.

Kiswahili kilikita mizizi Kivu kwa njia kadhaa. Baadhi yake ni lugha ya misafara iliyokuja kutoka Maniema, ambako wafanyabiashara wa pwani walikuwa na vituo vikubwa Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19. Nyingine ni utawala, mashamba ya walowezi, misheni na shule. Katika mwambao wa Goma lugha hii ilikutanisha wasemaji wa Kihunde, Kikumu, Kinyarwanda, Kinande, Kishi na Kihavu. Ushahidi wake umo hata katika majina ya mitaa ya Goma. Mtaa mmoja huitwa Majengo, jina lililo pia Mombasa, Nairobi na Moshi, ambako liliota katika sehemu za Waafrika za miji ya kikoloni. Mwingine huitwa Mapendo. Jina la Goma lenyewe linahusishwa na "ngoma". Kwa upande mwingine, Mugunga, Keshero, Ndosho na Sake ni majina yaliyokuwapo kabla ya mji, na mji ulipovifikia vijiji hivyo haukuyafuta.

Mtafiti anapaswa kujihadhari hapa. Anayejua Kiswahili atashawishika kulifungamanisha jina la Mugunga na mti wa mgunga. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi, hasa katika nchi ambamo majina ya mahali yalitolewa na wasemaji wa lugha nyingine za Kibantu. Jina kama hili linastahili kuulizwa kwa wenye ardhi kabla halijatafutwa katika kamusi.

4.0 Mandhari Yenye Wenyewe

Sura ya mandhari ilijengwa kati ya vita viwili vya dunia. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni iliunda Hifadhi ya Taifa ya Albert, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, ambayo leo huitwa Virunga. Miaka iliyofuata ilipanuliwa mpaka ikazizingira Nyiragongo na Nyamulagira, na mipaka yake ikasogea karibu na vijiji vya barabara ya Sake. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa madaraka ya kugawa ardhi kwa walowezi. Mashamba ya kahawa na ya pareto yakaenea katika nyanda za juu. Goma na Bukavu, ambayo wakati huo iliitwa Costermansville, zikapata hoteli za kupokelea wageni waliokuja kutazama ziwa na moto wa volkano.

Kwa mlowezi na mtalii, nchi hii ilikuwa picha nzuri isiyokuwa na watu, au yenye watu waliowekwa pembeni ili kuipamba. Kwa mwanakijiji, mstari wa hifadhi ulikuwa na maana nyingine. Msitu aliokuwa akikata miti ya kujengea, akitega na kuchuma dawa, uligeuka mali ya serikali. Aliyekutwa ndani yake aliitwa jangili. Mgogoro huo haukumalizika na uhuru wa mwaka 1960. Kuni na mkaa, ambao Goma huitwa "makala", vimeendelea kuwa chanzo cha ugomvi kati ya walinzi wa hifadhi na wakazi wasio na nishati nyingine ya kupikia.

Mfano wa kulinganisha unapatikana kaskazini zaidi katika jimbo hilihilo, kwenye Ziwa Edward, ambalo pia huitwa Rutanzige. Huko vijiji vya wavuvi vya Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge vimo ndani ya hifadhi yenyewe. Si mbali na Kyavinyonge ni Ishango, mahali ambapo Mto Semliki hutoka ziwani. Mwaka 1950 mtafiti wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alifukua hapo mfupa wenye mistari iliyochanjwa kwa mafungu, ambao umekadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 20,000. Pamoja nao zilipatikana ncha za mifupa za kuvulia samaki. Kwa hiyo katika Kivu Kaskazini mtu na chombo chake cha uvuvi walikuwa ufukoni miaka maelfu kabla ya mchoraji wa ramani ya hifadhi. Dai kwamba nchi hii ilikuwa pori tupu halina msingi.

Ziwa Kivu lenyewe halikuwa na samaki wa aina nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika samaki wadogo wa jamii ya dagaa, ambao Kivu wanajulikana kwa jina la sambaza. Walistawi, na uvuvi wa mwambao ukabadilika. Mitumbwi mitatu huunganishwa kwa miti mirefu, taa huwashwa usiku kuwavutia samaki, na wavu huinuliwa kutoka chini kwa pamoja. Kazi hiyo huendeshwa kwa nyimbo zinazowapa wapiga makasia mwendo mmoja. Asubuhi sambaza huanikwa au kupelekwa sokoni, na soko la Kituku huko Keshero limekuwa mlango wa vyakula vitokavyo Minova na Idjwi kwa maji. Mgeni ayaonaye mataa hayo usiku kama pambo la ziwa hana budi kukumbuka kwamba kila taa ni mlo wa nyumba kadhaa.

Nchi kavu nayo ina chombo chake. Chukudu, yaani kigari cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, husukumwa kikiwa kimebeba magunia ya viazi, kabichi, mbao na makala. Kimejengwa kwa miti na mpira wa matairi makuukuu, nacho kinastahimili barabara za lava zinazoharibu baiskeli. Mjini Goma kimesimamishiwa sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu. Hiyo ni moja ya sanamu chache katika eneo la Maziwa Makuu ambazo zimewekwa kwa heshima ya chombo cha kazi cha mtu wa kawaida.

5.0 Neno Mazuku na Maarifa ya Wenyeji

Katika hazina ya maneno ya mwambao huu kuna neno moja lililovuka mipaka ya Kivu na kuingia katika lugha ya sayansi. Neno hilo ni "mazuku". Wakazi wa magharibi mwa Goma, hasa sehemu za Ziwa Kijani, Bulengo na Mugunga, huliita kwa jina hilo shimo au bonde dogo ambamo hewa inaua. Wataalamu wa volkano wa mataifa mbalimbali wamelipokea kama lilivyo, nao huliandika katika maandishi yao bila kulitafsiri.

Sababu ya hatari hiyo inajulikana. Gesi ya kabonidioksidi hutoka ardhini kupitia nyufa za miamba ya volkano. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu hivi, hutiririka kama maji na kutuama mabondeni. Usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo wala joto la jua la kuitawanya, hujaa zaidi. Haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Mbuzi aingiaye humo kutafuta majani huanguka, na mchungaji anayemfuata naye huweza kuanguka. Mtoto yumo hatarini kuliko mtu mzima, kwa sababu pua yake iko karibu zaidi na ardhi.

Wenyeji waliyajua mambo hayo kwa uzoefu kabla ya kuja vipimo. Walijua mashimo gani yasifikiwe alfajiri na wapi mtoto asitumwe. Mzoga wa ndege au panya kando ya njia uliwatosha kuwa onyo. Ramani ya mazuku ilihifadhiwa katika makatazo na mafundisho ya nyumbani. Kwa mintarafu hiyo neno moja lilibeba elimu ya jiografia, ya afya na ya malezi kwa pamoja.

Msomaji wa Kiswahili sanifu atakumbuka hapa neno "mzuka", yaani pepo au kiumbe kinachotokea ghafla. Kufanana huko kunavutia, lakini tahadhari iliyotolewa kuhusu jina la Mugunga inahusika hapa pia. La muhimu zaidi ni kwamba neno hili lilizaliwa katika Kiswahili cha Kivu, ambacho mara nyingi kimedharauliwa kuwa ni Kiswahili kibovu. Wataalamu wa istilahi, ambao kwa miaka mingi wamehangaika kuunda maneno ya sayansi kutoka Kilatini, Kiarabu au Kiingereza, wana mfano wa neno lililofanya safari ya kinyume. Lilitoka katika kinywa cha mkulima likaingia maabara.

6.0 Kijiji Chini ya Kambi

Kati ya tarehe 14 na 18 Julai 1994 watu wanaokadiriwa kufikia laki nane au zaidi walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia Goma, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi na kushindwa kwa serikali iliyoyaendesha. Kambi zilifunguliwa Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga. Katika mwezi wa kwanza wakimbizi wapatao 50,000 walifariki, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Ardhi ya lava, iliyoelezwa hapo awali, ilizidisha maafa hayo. Mwamba haukuchimbika kwa jembe, hivyo ilikuwa shida kubwa kupata vyoo na makaburi. Maiti zilizoviringishwa mikekani zililazwa kando ya barabara. Mugunga ilikuwa karibu na ziwa, na watu wenye kiu waliyanywa maji yake yasiyo salama.

Kambi hiyo ilikuwa na wakimbizi wa kawaida, na pia mabaki ya jeshi na wanamgambo walioshiriki mauaji, ambao waliwatawala wenzao kwa vitisho. Vita vilipozuka mwaka 1996, watu wa kambi nyingine walikimbilia Mugunga, ikafurika. Katikati ya Novemba 1996 kambi ilishambuliwa na kuvunjika. Mamia ya maelfu walirudi Rwanda kwa miguu katika siku chache. Wengine walikimbilia misitu ya magharibi, na wengi wao hawakuonekana tena. Katika miaka hiyo miwili sehemu kubwa ya msitu wa hifadhi uliokuwa jirani ilikatwa kwa kuni, na mwaka 1994 Virunga iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Simulizi nyingi za Mugunga huishia hapo, lakini kijiji kiliendelea. Wenye mashamba walirudi kuondoa mabaki ya kambi na kupanda tena. Goma, iliyokuwa imefanywa makao makuu ya jimbo jipya la Kivu Kaskazini mwaka 1988, ilizidi kupanuka kuelekea magharibi, na Mugunga ikahesabiwa kuwa mtaa wa komini ya Karisimbi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na wengi walikimbia kwa njia ya Mugunga na Sake. Hali hiyo ilirudiwa Mei 2021. Baada ya mlipuko wa tarehe 22, mamlaka iliamuru sehemu za mji zihamwe, na barabara ya Sake ikajaa tena watu waliobeba magodoro na watoto.

Kuanzia 2007 wakimbizi wa ndani kutoka Masisi na Rutshuru waliwekwa katika kambi mpya zilizoitwa Mugunga, zikitofautishwa kwa namba tu. Baada ya vita kuanza upya mwaka 2022, maturubai yalienea Bulengo, Lushagala na Ziwa Kijani. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka katika kambi za Mugunga na Ziwa Kijani na kuwaua raia, wakiwemo watoto. Njia ya nchi kavu ya kwenda Minova ilikuwa imefungwa na mapigano, hivyo watu na vyakula vilipita majini. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyojaa abiria kutoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya waliokuwa wakiisubiri. Mwishoni mwa Januari 2025 kundi la M23 liliiteka Goma, na mwezi uliofuata waliokuwa kambini waliamriwa kuondoka. Kambi zilibomolewa, na wengi walirudi katika vijiji vilivyokuwa vimeungua au kuporwa.

Mtu anayeijua Mugunga kwa kambi zake pekee angedhani kwamba baada ya hapo pamebaki mahali patupu. Kumbe kila mara kambi ilipofunguliwa, ilifunguliwa juu ya shamba la mtu. Kila mara ilipofungwa, mtu huyo alibaki na mawe ya kuokota. Wenyeji waliwauzia wageni viazi, waliwaajiri, waligombana nao kwa ajili ya maji na kuni, walioana nao na waliwazika. Historia hiyo ya ujirani ni ndefu kuliko taarifa yoyote ya misaada, na sehemu kubwa yake ingali vinywani mwa watu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mwambao wa kaskazini wa Ziwa Kivu una vijiji vya kihistoria ingawa hauna magofu. Mtandiko wa lava wa mwaka 1938 kule Sake una tarehe iliyo wazi kama ile iliyochorwa juu ya kibla. Kuta za mawe za mashamba, mitumbwi mitatu ya sambaza na chukudu ni vyombo vya kumbukumbu vinavyostahili kuchorwa, kupimwa na kuelezwa. Mazuku ni neno linalostahili kuingizwa katika kamusi za Kiswahili pamoja na maelezo kamili ya maana yake na mahali lilipotoka.

Kwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili kazi iliyo mbele ni ya kukusanya. Majina ya vilima, mashimo, ghuba na mitaa kati ya Goma na Sake yaandikwe pamoja na maelezo ya wazee, katika lugha wanazozitumia wenyewe. Nyimbo za wavuvi zirekodiwe. Makatazo yanayohusu mazuku yakusanywe, kwa kuwa yanaokoa maisha ya watoto, na kwa kuwa kila uhamisho wa watu huyatenganisha na mahali yanapohusika. Mtoto aliyekulia katika turubai mbali na kijiji chake hawezi kujua ni shimo lipi lisiingiwe alfajiri, isipokuwa aambiwe.

Siku amani itakapotulia na wageni kurudi kuitazama Nyiragongo na Ziwa Kijani, wataelekezwa kwanza kwenye mandhari. Wengine watauliza kambi ilikuwa wapi. Watakaouliza kijiji kilikuwa wapi wanapaswa kumkuta mtu wa kuwajibu kwamba kiko hapohapo waliposimama, na kuwatajia kwa majina waliolima mahali hapo.